Wiki Ambayo Stesheni ya Makambako Ilizama

Jumatatu, 6 Julai 1992

Nimepata kazi ya reli. Naandika tena nijione: kazi ya reli. Mzee Abdulatif, mwenye malori sita na meno mawili ya dhahabu, anataka kuleta treni ya mjini hapa Makambako. Itoke stesheni, ipite sokoni, iishie stendi ya mabasi ya Njombe. Kilomita tatu. Watu wanaoshuka na mizigo wasiburuzwe tena na upepo huu. Siku hizi kila mwenye nafasi analeta kitu chake. Huyu kaleta mitumba, yule kaleta video, yeye analeta treni. Nimemwambia wazo ni zuri. Nimemwambia hata mimi nilikuwa nalo.

Injinia katoka Dar. Anaitwa Laurenti. Kijana, mwembamba, hacheki. Kauliza nani hapa ana uzoefu wa reli. Nikasogea mbele. Nikasema mimi Kheri nimeijenga reli hii na Wachina, toka Mlimba mpaka hapa tuliposimama. (Nilikuwa jikoni. Nilimenya vitunguu miezi minane. Lakini jiko lilikuwa la reli, na lilihama na reli.)

Tumechukuliwa wawili. Mwenzangu ni Filemoni, Mbena wa Matembwe, mpole mpaka anakera. Anasalimia kamwene, kwa Kibena, halafu anangoja kweli umjibu. Ni karani wa usharika wao wa Kilutheri, miaka kumi na moja anaandika daftari la ubatizo. Tarakimu zake zimesimama kama askari wa gwaride. Basi kapewa daftari la vipimo. Mimi nimepewa stafu, yaani ubao mrefu kushinda mlango, umechorwa namba nyekundu na nyeusi. Mimi naisimamisha chini, Injinia anachungulia kwa mbali kwenye darubini yake ya miguu mitatu, anasoma namba, Filemoni anaandika. Ndivyo wanavyojua ardhi inapanda au inashuka. Mimi ningewaambia kwa macho tu, ila hawakuniuliza.

Sasa jambo lenyewe. Kazi ikiisha Injinia anaondoka na mmoja wetu kwenda Dar, kupima njia ya treni ya mji mkubwa. Ajira ya kudumu. Mmoja tu. Nikamtazama Filemoni, koti lina viraka viwikoni. Nimemwonea huruma mapema.

Jumanne, 7 Julai

Sabasaba. Taifa zima limepumzika isipokuwa sisi watatu.

Tumeanzia kwenye bolti iliyofukiwa kwenye zege la stesheni. Kimo cha bolti hiyo kinajulikana. Unapima kwenda mpaka stendi, unapima kurudi, unamalizia kwenye bolti ileile. Hesabu lazima itoe kimo kilekile ulichoanza nacho. Isipotoa, kuna mtu kaharibu.

Injinia kanipa sharti moja. Yeye akiinua darubini kuihamishia mbele, stafu isibanduke pale ilipo. Nigeuze uso wake tu, umfuate. Akasema ni kama kutembea: mguu mmoja ukinyanyuka, mwingine unabaki chini, vinginevyo unaanguka. Nikamwambia asijichoshe, mambo haya Wachina walitumalizia.

Saa nne tukafika sokoni. Upepo unakata masikio. Nimesimamisha stafu juu ya jiwe mbele ya mgahawa wa Bi Zuena. Injinia kasoma, kabeba darubini, kaenda zake mbele. Kule mbele kumbe anasumbuka na miguu ya darubini, udongo laini. Dakika tano. Dakika kumi. Harufu ya tangawizi inanitoka puani, inaingia tena. Bi Zuena yuko mlangoni, ananiuliza kama nimechumbia ule mti au vipi, mbona siuachi. Baraza lake liko hatua moja tu kutoka kwenye jiwe. Limepanda kidogo, kama shubiri. Nikasogea. Nikakaa barazani, stafu nimeisimamisha pembeni yangu, wima kabisa, mkono mmoja stafu, mkono mmoja kikombe. Injinia akanyoosha mkono kwa mbali kwamba amesoma. Nami nikanyoosha kikombe.

Saa kumi na moja tukafunga kwenye bolti. Filemoni kajumlisha. Kajumlisha tena. Injinia kachukua daftari, kajumlisha mwenyewe. Kisha kasema kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya msiba kwamba, kwa mujibu wa daftari hili, tangu asubuhi stesheni ya Makambako imezama sentimita kumi na nane.

Nikasema ni treni za mizigo, nzito sana siku hizi. Hakuna aliyecheka.

Jumatano, 8 Julai

Hatukwenda uwanjani. Wamekaa na daftari mchana kutwa. Injinia anasema yeye huwa anarudia kusoma mara mbili, kwa hiyo si macho yake. Stafu ni kusimamisha tu, mtu hawezi kukosea kusimamisha. Basi imebaki kalamu. Kamtazama Filemoni.

Kusema ukweli nilifurahi. Niliiona Dar. Niliiona Kariakoo na mimi katikati yake, nina kofia ya plastiki ya njano.

Alasiri nikaenda kwa Bi Zuena na futi ya utepe ya Injinia mfukoni, kwa udadisi tu. Nikapima kutoka kwenye jiwe mpaka juu ya baraza. Nikapima tena. Kumi na nane. Kamili, kama imekatwa dukani.

Chai haikushuka. Bi Zuena kauliza kama sukari haitoshi. Nikasema sukari inatosha, mtu ndiye hatoshi. Akasema hilo yeye alishalijua, alikuwa anangoja nilijue mimi.

Nimeamua kusema kweli kesho asubuhi. Nimeamua vizuri, kwa moyo mmoja. Halafu njiani nimepata njia bora zaidi, ambayo haimwaibishi mtu yeyote.

Alhamisi, 9 Julai

Njia yenyewe. Leo tunarudia kazi yote. Juzi nilizidisha kumi na nane kwenda juu. Basi leo nipunguze kumi na nane kwenda chini, vitu vikutane, deni la ardhi lifutike. Hata mtoto wa darasa la pili angeliona hilo. Mimi nilifika la sita.

Nikawahi sokoni kabla yao. Nikachimba shimo kando ya lile jiwe, kina kumi na nane, nimepima kwa futi. Romani, fundi mwashi anayekunywa chai pale kila siku, kaniuliza kama napanda mti. Nikasema naukata.

Injinia kasoma stafu ikiwa juu ya jiwe. Kahama. Nikaiteremsha shimoni taratibu kama mtu anayemzika mzee wake. Kasoma tena. Nikafukia shimo, nikakanyaga, nikashukuru.

Saa kumi na moja tukafunga. Filemoni kajumlisha. Stesheni imepanda sentimita kumi na nane.

Imepanda! Sikuelewa. Mpaka sasa naandika na sielewi vizuri. Inaelekea hesabu ya juzi ilishakufa na kosa lake, na ya leo ilianza upya, na mimi nimeivuruga ikiwa nzima.

Injinia hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu angepiga kelele. Alimwambia Filemoni kwamba kosa la juzi ni la bahati mbaya, lakini namba ileile ikirudi imegeuzwa kichwa chini, hiyo si bahati mbaya. Hiyo ni ya mtu aliyechezea daftari afiche la kwanza. Filemoni akasema hapana, Injinia. Mara moja tu. Injinia akamwambia kuanzia Jumamosi atashika stafu, na daftari atashika Kheri, maana Kheri angalau ana uzoefu.

Watu wa stesheni walikuwa wanasikia. Mmoja akasema kumbe walokole nao. Filemoni akakunja koti lake, lile la viraka, akalibeba mkononi badala ya kulivaa. Kwenye baridi hii.

Mimi nilikuwa natazama bolti. Naijua bolti ile sasa kuliko uso wa mama yangu.

Ijumaa, 10 Julai

Msikitini nilikaa nyuma kabisa, kwenye viatu.

Jioni Filemoni kaja chumbani kwangu. Nilidhani kajua. Nikatafuta mlango wa nyuma, chumba hakina. Kumbe kaleta njegere mbichi, fuko zima, za shambani kwao. Kisha kavuta daftari la vipimo kutoka kwapani. Kaliomba kwa Injinia kwa usiku mmoja. Akasema, kaka Kheri, wewe umekula chumvi ya reli, tena na Wachina, niangalizie nimekosea wapi. Yeye kaangalia mara saba haoni.

Nikashika daftari. Nikafunua ukurasa mmoja mmoja kwa nusu saa. Nikatikisa kichwa penye namba ndefu. Mwisho nikasema, hapa pagumu.

Akasema ndiyo, pagumu. Akakaa kitandani kwangu. Akasema linalomuumiza si Dar. Dar atakwenda atakayekwenda. Linalomuumiza ni kwamba kama macho yake yanamdanganya siku hizi, tena bila yeye kujua, basi yamemdanganya na kwenye daftari la ubatizo. Watoto wa miaka kumi na moja. Huenda kuna mtoto wa Matembwe ana siku ya kuzaliwa ya mwenzake. Huenda kuna bibi kaandikwa mtoto. Jumapili anakwenda kwa mchungaji kurudisha kalamu ya usharika.

Pale ndipo palikuwa pa kusema. Nililifungua domo kabisa. Likatoka neno, njegere nzuri hizi.

Kaondoka kaniombea usiku mwema. Nimezipika. Siwezi kuzila. Nimezila.

Jumamosi, 11 Julai

Mara ya tatu. Filemoni kashika stafu. Nimwandike tu kama nilivyomwona: kusimama kwake mtu angedhani kapandwa pale na serikali. Mbele ya mgahawa wa Bi Zuena kasimama robo saa na upepo wote, jichoni machozi ya baridi, hakubanduka hata unyayo. Bi Zuena kamwita chai. Akasema ahsante mama, nikimaliza. Bi Zuena kanigeukia mimi, akasafisha meza ambayo ilikuwa safi.

Mimi naandika. Injinia anaita namba, mimi naziweka. Saba zangu zinafanana na moja, lakini nilijitahidi.

Tumefunga saa tisa. Injinia kaenda kuoga kwanza, akasema atajumlisha akirudi, hana haraka ya kuumia. Hapo nikaona nafasi. Iwapo leo itafunga vizuri, Injinia atatulia, atasamehe, Filemoni hatakwenda kwa mchungaji kesho, na mimi sitahitaji kusema lolote. Kila mtu atakuwa kapata.

Nikakimbia na daftari kwa Bi Zuena. Hesabu anazijua, analisha soko zima. Kajumlisha kwa penseli pembeni mwa ukurasa. Akasema pamebaki tisa. Moyo ukaanguka. Juzi kumi na nane, leo tisa, ni nusu tu ya aibu ileile. Nikaomba raba. Nikafuta namba ya mwisho, nikaweka inayofanya pasibaki kitu. Bi Zuena kauliza hizi namba ni za nini. Nikamwambia ni za amani.

Injinia karudi kanukia sabuni. Kajumlisha. Sifuri. Nikamtazama aanze kufurahi. Akajumlisha tena. Sifuri. Akaniuliza kwa upole kama najua mtu yeyote duniani aliyewahi kupima kilomita sita akapata sifuri. Nikasema Wachina.

Akapitisha kidole mahali nilipofuta, karatasi imeota manyoya. Akaniambia namba ile ya mwisho aliisoma yeye na anaikumbuka, na siyo hii. Kwa namba ya kweli zinabaki milimita tisa. Milimita, si sentimita. Tisa zinakubalika. Tisa ni kazi safi mno, kwa miaka yake yote ya kazi hajapata mshika stafu wa namna hii. Akaonyesha hesabu ya pembeni, akauliza ni mwandiko wa nani. Nikasema wangu. Akanipa penseli, akasema andika saba.

Basi tukaenda watatu kwa Bi Zuena. Mimi nikiwa katikati kama mwizi wa kuku.

Bi Zuena hakuona cha kuficha. Akasema ndiyo, nimejumlisha mimi, huyu Kheri kaja anahema. Injinia akauliza kama kaona kingine chochote wiki hii. Akasema yeye hajui mambo yenu, ila siku ya Sabasaba huyu alikuwa na ule mti wake juu ya jiwe pale, halafu... Nilitaka kusema kabla yake. Wallahi nilitaka, nilikuwa nimeshavuta pumzi. Akanitangulia kwa neno moja. Akamalizia, halafu akahamia hapa barazani kunywa chai. Romani kule pembeni akaongeza habari ya shimo, bila kuombwa.

Injinia kashika kichwa. Akaanza kucheka. Wiki nzima hacheki, leo kacheka mpaka kaegemea mlango, na kicheko chenyewe kilikuwa kibaya zaidi ya kufukuzwa. Kisha kanifukuza.

Filemoni hakucheka. Akaniuliza kitu kimoja. Jana nilipokuja kwako na daftari, ulikuwa unajua?

Nikasema, nilikuwa najua.

Akasema, haya. Akaenda kuokota vigingi na nyundo, akavifunga kwenye gunia, akabeba peke yake.

Jumapili, 12 Julai

Nimekaa ndani. Nimesikia kengele ya Walutheri. Nimejiuliza kama karudisha kalamu.

Nimeuliza mtu aliyetoka huko. Hakurudisha. Kasimama mbele kasoma matangazo kama kawaida, kasoma na majina ya watoto watatu wa kubatizwa, na tarehe zao, moja moja, bila kurudia.

Nimelala mchana. Sijawahi kulala mchana nikiwa mzima.

Jumatatu, 13 Julai

Wameondoka na treni ya Dar, Injinia na Filemoni. Nilisema siendi stesheni. Nilikwenda. Nikajificha nyuma ya magunia ya viazi, ila mimi mtu mrefu na viazi vilikuwa vinapakiwa, vinapungua. Mwisho nikabaki peke yangu mbele ya watu.

Filemoni kaja mwenyewe. Kamwene. Akangoja. Nikajibu. Nikamwambia mimi si mtu. Akasema wewe ni mtu, ila una kelele. Akanitambulisha kwa mkewe, Esteria, mama mfupi mwenye macho yanayopiga hesabu. Esteria anabaki. Wana kiwanja nyuma ya mashine ya mbao, Romani anaanza kuwajengea msingi wiki hii, Filemoni akirudi Krismasi akute kuta. Akasema hilo ndilo linalomtia wasiwasi, kuondoka kabla msingi haujasimama.

Yeye hakuniomba kitu. Hilo niliandike wazi. Mimi ndiye niliyesema. Aibu ilikuwa imenijaa mpaka kooni, ikatafuta pa kutokea, ikatokea mdomoni. Nikasema nitausimamia mimi, kila siku, bure, mpaka tofali la mwisho. Injinia alikuwa anapanda behewa, akageuka haraka kama mtu aliyeitwa jina. Filemoni akanishika mkono. Kisha akasema, haya, kaka. Haya hii haikuwa ile ya Jumamosi. Nililia. Nikasema ni moshi, watu wakasema treni hii ni ya dizeli.

Nimeapa. Mbele ya daftari hili na mbele ya Mungu, sitoki kwenye msingi ule.

Jumamosi, 25 Julai

Siku kumi kwenye kiwanja cha Filemoni. Sijakosa hata moja. Nabeba maji, nabeba mawe, napanga watu. Esteria ananiita shemeji. Wapita njia wanauliza nani msimamizi, nami nanyanyua kidole.

Mwanzoni Romani alikuja na pima maji yake. Nikamwambia airudishe kwenye mfuko. Mtu aliyefanya kazi na darubini anawekaje imani kwenye kichupa chenye povu? Kamba na macho vinatosha. Romani kasema sawa, mwenye nyumba hayupo, msimamizi yupo.

Leo Esteria kanywesha msingi maji. Maji yote yakakimbilia upande wa choo, yakakaa huko. Akasema, shemeji, mbona yamejua njia? Nikamwambia maji hayajasoma. Akaniuliza mimi nimesoma mpaka wapi. Shemeji gani huyu.

Nikaenda kuangalia pembeni wakati wanakula. Kweli. Upande wa choo umekaa chini, vidole vinne, pengine vitano. Moyo ukanipiga kidogo, ule moyo wa bolti. Romani anasema tubomoe kozi mbili tu za tofali, turudie, siku mbili. Lakini kubomoa kunaonekana. Kubomoa mtaa mzima unajua, habari inapanda treni inafika Dar kabla ya barua.

Nimepata njia bora zaidi. Tutauacha upande wa choo kama ulivyo. Jumatatu asubuhi na mapema, kabla Esteria hajafika, tunaondoa vidole vitano kutoka upande wa barabarani, nyumba ikae sawa. Romani kauliza, na pande mbili za katikati? Nimemwambia hizo zitafuata wenzao.

Esteria nimemwomba asimwandikie mumewe kwanza. Nitamwandikia mimi.